Kibuyu cha Guka Shingoni Mwangu

Watu wakiona shanga ninazotunga siku hizi hunisifu, ati mama una jicho la rangi. Wajukuu wangu wameniletea hata nailoni ya kutungia na ndoano ndogo za kufungia, wanataka nikae kwenye kiti kizuri nje, nipigwe picha nikitabasamu. Mimi huwaambia waniache. Kazi hii nilijifunza nikitetemeka, na mpaka leo nikishika ushanga mweusi mdogo, masikio hutafuta viatu nje kwanza, ndipo macho yaone uzuri wake. Sasa hilo utalipigaje picha?

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, enzi za serikali ya mkoloni. Sisi tuliiita imanjensi, na neno hilo watoto walilijua kabla ya kujua kufunga vifungo. Nyumbani kwetu kulikuwa juu ya soko la Kianjokoma, karibu na msitu, karibu mno kwa mujibu wa serikali. Nyumba zetu zilichomwa tukiziangalia, tukahamishwa sote kwenye kijiji kimoja kilichojengwa kwa haraka. Nyumba zilibanana hadi moshi wa jirani ulipikia kwako. Kuzunguka kijiji kulikuwa na mtaro uliochomekwa mianzi iliyochongwa, na mahali pa kutokea palikuwa lango moja tu, lenye mnara juu yake na homugadi juu ya mnara. Homugadi hawa hawakuwa wageni. Walikuwa watu wetu, waliopewa silaha na serikali watulinde dhidi ya watu wa msituni waliopigana na Wazungu, na ndio waliotufanya tusilale.

Tulikuwa wanawake watatu katika nyumba ile. Mama yangu alipelekwa kila asubuhi pamoja na wenzake kuchimba mtaro mwingine, mrefu, wa kando ya msitu, akarudi jioni mikono imechubuka. Nyanya, ambaye sisi tunamwita cucu, alikuwa amesamehewa kazi hiyo kwa sababu miguu yake ilivimba na macho yake yalishaingia ukungu. Mimi nilikuwa msichana mdogo, shule yetu imefungwa, nikaachwa nyumbani niwe macho ya cucu. Baba yangu alikufa kabla ya shida zile, na mimi husema afadhali, Mungu anisamehe.

Guka, yaani babu yangu, alikuwa amechukuliwa. Siku moja lori lilisimama, wanaume wakapangwa mstari, mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akatikisa kichwa mbele yake kwamba huyu ni wa msituni, basi. Walimpeleka kwenye kambi za mbali, sehemu za joto. Hatukujua kama yu hai.

Kosa la guka, kama lilikuwepo, sijaambiwa hadi leo. Ninachojua ni kwamba guka alikuwa mwimbaji wa kibuyu. Nieleze, maana vijana wa leo nikisema kibuyu wanafikiria uji. Kibuyu hiki kilikuwa kimekaushwa, kimetiwa mbegu ndani kilie kikitikiswa, na nje kimechorwa alama kwa ncha ya chuma kilichopashwa moto. Kulikuwa na jua, mlima, mto, njia panda, safu ya siafu. Kila alama ilishika ubeti wake wa shairi. Mwimbaji alikizungusha mkononi, kidole kikitembea juu ya alama, na mdomo ukifuata kidole. Waimbaji wawili walikaa wakikabiliana sokoni, huyu anauliza kwa fumbo, yule anajibu kwa fumbo. Aliyeulizwa akashindwa kujibu alimkabidhi mwenzake kibuyu chake, na hakukipata tena mpaka alete pombe na kukiri mbele ya watu kwamba ameshindwa. Na swali lilikuwa la yule aliyeulizwa peke yake. Hata kama wewe uliyekaa pembeni ulijua jibu, ulinyamaza.

Guka aliwahi kuwa na mwanafunzi, kijana mwenye sauti nzuri na kichwa kikubwa. Kichwa kilipozidi kuwa kikubwa, alimwita guka mbele ya soko zima washindane. Guka alimshinda bila hata kuinua sauti. Kibuyu cha kijana yule kilining'inia kwenye nguzo ya nyumba yetu mwaka baada ya mwaka, hata tulipohamishwa cucu alikibeba pamoja na cha guka, na mwenyewe hakuja na pombe. Alikuja siku nyingine kabisa, wakati wa imanjensi, amevaa koti la khaki na kushika bunduki. Alikuwa homugadi.

Afisa mmoja mzungu alikuwa ameambiwa, au alijiambia mwenyewe, kwamba michoro ya vibuyu ni barua za watu wa msituni. Vibuyu vyote vya alama vikakusanywa. Yule mwanafunzi ndiye aliyeingia kwetu. Alishusha cha guka, akakivunja kwa goti. Kisha akashusha na chake mwenyewe, kile alichoshindwa kukikomboa, akakivunja vilevile, bila kutuangalia. Cucu aliokota vipande akavitia motoni kabla hajaamriwa. Nilidhani analia kwa sababu ya moshi.

Baada ya hapo cucu alianza kuimba shairi la guka chini ya pumzi, akipepeta mahindi, akikuna kichwa changu, akitafuta fimbo yake. Mwanamke hakushika kibuyu, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini nani aliwahi kumzuia mwanamke kusikia? Miaka yote guka alipofanya mazoezi kando ya moto, cucu alikuwa pale anageuza viazi. Alilijua lote.

Kisha siku moja mama aliletwa kutoka mtaroni akiwa amepigwa. Alikuwa amekaa chini kidogo kupumzika, hilo tu. Tulimkanda mgongo kwa maji ya moto, na cucu alikuwa akiimba huku akikamua kitambaa. Mara akanyamaza. Akaanza tena ubeti uleule, akanyamaza palepale.

"Umepotea," alisema. "Ule wa mto umepotea."

"Utarudi, cucu."

"Ukikataa? Hofu inakula maneno, mwanangu. Leo imekula mto, kesho itakula mlima. Mzee akirudi nitampa nini? Nimwambie kibuyu kimevunjwa na kichwa changu nacho kimevunjwa?"

Ubeti wa mto ulirudi baada ya siku kadhaa, alfajiri, akiwa anakohoa. Aliniamsha kwa fimbo. Alitaka nimletee kile kibuyu kidogo chenye mfuniko, kilichokuwa kimefukiwa chini ya mawe ya jikoni. Ndani yake kulikuwa na shanga alizovaa ujanani, kabla ya kubatizwa na kuambiwa na watu wa misheni kwamba shingo ya Mkristo haina haja nazo. Zilikuwepo nyekundu, nyeupe, nyeusi ndogo kabisa, njano moja kubwa, na za buluu ambazo guka alimnunulia kwa mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini, enzi za uchumba.

"Shanga ni za wanawake," cucu alisema. "Hizi hakuna afisa atakayezifikiria. Tunaandika shairi upya."

Aka! Nilikuwa mtoto, lakini mtoto wa kijiji kile. Nilijua kwamba wakigundua, cucu atapelekwa kwenye kituo cha homugadi, ndani ya uzio wao, ambako wanawake wengine walikuwa wametolewa wakiwa wamebebwa. Nilimwambia naogopa. Akasema, "Vizuri. Ogopa, lakini shika hizi nyeusi."

Ndivyo nilivyoanza ufundi.

Sasa, kuchora jua kwenye kibuyu ni rahisi, unazungusha kichuma na limekuwa jua. Lakini utaliwekaje kwenye kamba moja, ambapo ushanga hufuata ushanga na hakuna juu wala chini? Tulibishana sana. Cucu hakuona vizuri, kwa hiyo alitaka kila ubeti usomeke kwa vidole: ukubwa, ulaini, ukali wa pembe. Mimi nilitaka rangi. Mwishowe kila ubeti ukapata vyote viwili.

Wa siafu ulikuwa rahisi. Katika Kiembu, lugha yetu, unacheza zaidi, lakini kwa Kiswahili unasema hivi: *Siafu wamembeba mtoto wao, hawaulizi mvua hii ni ya nani.* Tuliweka safu ya nyeusi ndogo, zimeshikana sana, na katikati nyeupe moja. Wa jua unasema: *Jua limefika juu ya mlima, limekataa kiti.* Hapo tulikata mfupa wa kuku vipande, nikavisugua kwenye jiwe hadi vikawa vyeupe na laini, vikawa mlima wenye theluji yake. Baada yake, ushanga mkubwa wa njano, mmoja tu tuliokuwa nao.

Mto ulitusumbua. *Mto ulipita nyumbani usiniamkie, ulikuwa na haraka ya kuzaliwa.* Cucu aliweka buluu zote za ukubwa mmoja, akapitisha vidole, akasonya. "Huu ni mto gani? Huu ni kamba ya nguo." Nikachukua, nikazipanga upya zikianza na ndogo, zikikua, zikikua, hadi ile kubwa kuliko zote. Nikampa. Vidole vyake vilitembea polepole, kisha vikarudi mwanzo, vikatembea tena. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu lori lilipomchukua guka. Nilifurahi mno, halafu nikasikia viatu nje na furaha ikaisha hapohapo. Nilikalia shanga. Viatu vilipita.

Tulifanya kazi mchana, mlango ukiwa wazi, kwa kuwa mlango uliofungwa mchana ulileta maswali. Niliketi kwenye mwanga, cucu kando yangu na ungo wa maharagwe mapajani. Viatu vikisikika, shanga zinaingia chini ya maharagwe na sisi ni wachaguaji wa maharagwe. Tulichagua maharagwe yaleyale hadi nadhani yalitujua.

Kilichobaki kilikuwa ubeti wa njia panda, nao ndio uliotuponza. *Umeziacha wapi nyayo zako? Nimeziacha mahali njia ilipogombana na njia.* Cucu alitaka mkufu upasuke mahali hapo uwe mikono miwili, kisha mikono ikutane tena. Tulijaribu kwa uzi uliofumuliwa kwenye shuka, ukajikunja, ukasokotana. Cucu akasema uzi wa dukani hauna adabu. Kitu cha kudumu kwetu kilitungwa kwa ngozi, na ngozi unaweza kuipasua kwa kisu ikawa mbili na bado ikasimama. Tulikuwa na ukanda wa ngozi ya mbuzi, uliofungiwa mfuniko wa chombo cha asali cha guka. Tukauchana mwembamba, tukaulainisha kwa mafuta, tukatungia shanga zote humo. Njia panda ilitokea vizuri ajabu. Niliiangalia nikasahau kidogo kuogopa.

Yaani fikiria. Tulihangaika na rangi, tukahangaika na alama, tukaficha shanga chini ya maharagwe, na hakuna kati yetu aliyewaza habari ya ngozi. Ngozi ya mbuzi ilikuwa kitu cha nyumbani, ulizaliwa ukaikuta. Nani aogope ngozi?

Mwishoni, baada ya ubeti wa mwisho wa guka, cucu alichukua mkufu mikononi mwake mwenyewe. Aliingiza ushanga mwekundu, akafunga fundo tupu, akaingiza mwekundu mwingine. Hiyo haikuwa kwenye kibuyu. Nilimwuliza inasema nini.

"Si yako."

"Lakini cucu, mimi ndiye ninayejifunza."

"Ya guka umejifunza. Hili ni swali, na si wewe unayeulizwa."

Nilinuna. Nilimchokoza kwa siku nyingi, nikamwimbia mpaka mwisho kisha nikanyamaza pale nikimkodolea macho, naye akawa kiziwi ghafla.

Mkufu nilivaa mimi, chini ya gauni, kwa kuwa watu wazima ndio waliopekuliwa kwanza. Sitaki kudanganya kwamba niliona fahari. Kila nilipopita langoni kwenda kuteka maji nilihisi shingo inasema kwa sauti, siafu, mto, mlima, na kwamba yule aliye mnarani anasikia kila neno. Nilijifunza kutembea bila shanga kugongana. Nilijifunza kutoinama. Wenzangu waliniita bibi harusi, kwa jinsi nilivyobeba kichwa changu, na mimi nikacheka nao huku jasho likinitiririka mgongoni. Mama, ambaye alijua, alikuwa akinitazama kila asubuhi kabla ya kwenda mtaroni kana kwamba anaaga maiti. Aligombana na cucu kwa minong'ono. "Utamuua mtoto kwa sababu ya nyimbo," alisema. Cucu alipapasa ukosi wangu, akaupandisha ufunike shanga.

Msako ulikuja saa za asubuhi, siku ambayo wanawake hawakupelekwa kazini, na hilo peke yake lingepaswa kutuonya. Filimbi ilipigwa. Tukatolewa nje, kila nyumba imesimama mbele ya mlango wake. Afisa alikuwa kijana, masikio yamebabuka kwa jua. Homugadi waliingia, wakamwaga unga, wakachoma magodoro ya majani kwa mikuki. Waliofika mbele yetu walikuwa afisa na yule mwanafunzi wa guka.

Yule mwanafunzi alianza kumpekua mama. Akaenda kwa cucu. Alipofika kwangu, sijui kama niliinama au nilipumua vibaya. Aliona ngozi ikichungulia kwenye ukosi.

"Toa."

Mikono yangu ilikataa. Alivuta mwenyewe. Hakuuvua mkufu shingoni, aliushika hapohapo, kwa hiyo nilisogezwa karibu naye hadi nikanusa ugoro wake. Kidole gumba chake kiligusa ushanga wa kwanza. Kikaenda wa pili. Nikaona midomo yake inacheza.

Alikuwa anasoma.

Sijawahi kuogopa namna ile, kabla wala baadaye, na nimezaa watoto, nimezika mume. Mtu mmoja tu katika kijiji kizima ndiye angeweza kuzielewa shanga zile, na alikuwa amezishika, nami nimefungwa upande wa pili wa kamba. Nilijua amefika wapi kwa sababu kichwa changu kilikuwa kinaimba pamoja naye, kwa lazima. Siafu. Mlima. Jua limekataa kiti. Kwenye mto kidole kilipunguza mwendo, kikapanda kutoka ndogo hadi kubwa, na uso wake ukabadilika kidogo, siwezi kusema ukawaje. Njia panda alifuata mkono mmoja, akarudi, akafuata wa pili. Kisha akafika mwisho. Ushanga mwekundu, fundo, ushanga mwekundu. Akasimama. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akasimama palepale.

"Na hizi?" aliuliza kwa Kiembu, kwa sauti ya chini.

Cucu hakuwa anaona uso wake, lakini alijua ni nani na amefika wapi. Akasema, "Hizo hazikuulizi wewe."

Nilijua tumekwisha. Cucu amekiri, niliwaza, amekiri kwa mdomo wake kwamba shanga zinasema.

"Nini hiyo?" afisa aliuliza kwa Kiswahili chake.

Mwanafunzi wa guka alifunika lile fundo kwa kidole gumba. "Mapambo ya wanawake tu, bwana."

Afisa alisogea. Hakuziangalia shanga hata kidogo. Alishika ngozi kwa vidole viwili, akaivuta. "Na hii?"

Hapo ndipo akili ilituingia, sote watatu kwa pamoja. Serikali ilisema waliokula kiapo cha watu wa msituni hufungwa ukanda wa ngozi ya mbuzi. Kila mtu alijua hivyo. Wanaume walikuwa wamechukuliwa kwa kipande kifupi kuliko kile. Sisi tulikuwa tumeuvika mzima shingoni mwa mtoto, tena tumeupaka mafuta ung'ae.

Yule homugadi alichomoa kisu. Nilisikia ubaridi wa chuma shingoni, kisha ngozi ikakatika na shanga zikamwagika miguuni mwetu zikatawanyika pande zote. Akavua ukanda uliobaki, akautupa kwenye moto wa jirani. "Ngozi hapana ruhusa," alinikemea kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa ya kusikiwa. Halafu akapita juu ya shanga kwa viatu vyake, akisaga. "Mtoto mjinga tu, bwana. Ameokota." Afisa alicheka, akasema neno kwa lugha yake, wakaenda nyumba iliyofuata.

Nilianguka chini, nikaanza kuokota. Kuku wa jirani alinitangulia akameza jua, ule ushanga mkubwa wa njano, nami nilimfuata kuku yule mchana kutwa nikimtukana. Jua lilirudi baadaye kwa njia ambayo sitaieleza hapa. Nyingine zilivunjika. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Amekanyaga makusudi!" nilimwambia cucu. "Ametukanyagia!"

Cucu alikuwa amekaa mlangoni, mikono imelegea mapajani. "Leo ameleta ile pombe," alisema.

Mimi sikukubali, na mpaka leo sijaamua. Angeweza kutusema, hakutusema. Lakini viatu vile navikumbuka, na havikuwa na haraka. Alikuja kuwa mzee wa kanisa, tukasalimiana miaka mingi, na kila mara nilimpa mkono nikitaka kumwuliza. Sikumwuliza. Amekufa na jibu lake.

Tulitunga upya. Safari hii kwa kamba za katani, nilizozisokota mwenyewe juu ya paja, kama mama zetu wanavyosokota za vikapu vya kiondo, na kwa njia panda nilisokota kamba mbili na kuziunganisha. Shanga zilikuwa zimechanganyika kwenye ungo, nami sikuwa na pa kutazama. Nikaimba. Kila ubeti uliniambia unataka nini, na nilipofika mwisho cucu alikuwa hajanisahihisha hata mara moja. Nyekundu mbili na fundo lake aliweka yeye.

Guka alirudi kijiji kikiwa bado kina lango. Lori liliwashusha yeye na wenzake sokoni Kianjokoma, akapanda kwa miguu, mchana, amebeba kifurushi. Sikumjua. Alikuwa amekonda na meno ya mbele hayakuwepo. Alikaa ndani karibu na ukuta, si karibu na mlango. Gari likinguruma alificha mikono chini ya blanketi. Majirani walikuja kumwomba awaimbie hata kidogo, akasema kifua kinamwuma. Siku moja nilikuwa napepeta mahindi, nikasahau nikaanza ule wa siafu kwa sauti. Alinyanyuka haraka kuliko nilivyodhani anaweza, akaniziba mdomo kwa kiganja.

Cucu alisikia yote. Mchana uliofuata tulikuwa tunachagua maharagwe, ya kweli safari hii, alipopapasa shingo yangu, akanivua mkufu, akauweka mapajani mwa guka.

Guka aliuangalia muda mrefu. Kisha kidole chake kikagusa ushanga wa kwanza, na mdomo wake, umefungwa kabisa, ukaanza kucheza. Nilimwangalia akipita kwa siafu. Kwenye mto akaguna. Njia panda akafuata mikono yote miwili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na kidole hakikusimama mpaka kilipofika mwisho.

Akarudi nyuma. Akajaribu tena.

"Hili silijui," alisema.

"Basi umeshindwa," cucu alisema. "Toa kibuyu."

"Kibuyu sina, mama. Unajua kibuyu sina."

"Kibuyu sikitaki. Nataka jibu."

"Linauliza nini?"

Cucu aliweka ungo chini. "Linauliza kama uliogopa."

Guka aligeuka akatazama mlango. Nje, mama yangu aliyekuwa anapasua kuni aliacha kupasua. Kwetu mwanamume hakuulizwa hivyo, wala na mkewe, wala na yeyote. Nilidhani atanyanyuka atoke. Mkono wake ulishika lile fundo tupu lililoko katikati ya nyekundu mbili, ukalishikilia.

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa kila siku. Hata sasa naogopa. Mtoto huyu akifungua mdomo naona lori."

"Hata mimi," cucu alisema.

Na mimi, msichana mkubwa sasa, nikiwa nimeshika konzi ya maharagwe, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hata mimi, guka."

Hakuna aliyenikemea kwa kuingilia maneno ya wakubwa. Guka alinivuta, akanifunga mkufu shingoni, vidole vyake vikihangaika na kamba. Kisha akaniambia niimbe tangu mwanzo, lakini niimbe chini chini, kwa sababu mnarani bado kulikuwa na mtu.